Kazi za Pwani na Uhai wa Msamiati: Mfano wa Visiwa vya Lamu

Makala haya yanashikilia kwamba msamiati huishi maadamu kazi yake i hai. Matondoni, kisiwani Lamu, mafundi huunda vyombo: nafasi za mbao huzibwa kwa kalafati, yaani pamba iliyotiwa mafuta, kisha chini hupakwa deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa. Kizingitini, kisiwani Pate, wavuvi wasemao Kitikuu hutofautisha dema, mtego uliosukwa, na jarife, wavu wa samaki wakubwa kama papa. Lakini mashua ya fibaglasi haihitaji kalafati. Aidha, mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi walioathiriwa na ujenzi wa bandari ya Lamu wafidiwe. Istilahi zao hazina mdai mahakamani. Ni wajibu wetu wanafunzi wa Kiswahili kuzikusanya wangali wapo wanaozitumia.