Turubai la kivuli kwenye gari la safari

*Nimegeuza Hiace yangu iwe ya kulala safarini. Kivuli cha dukani bei yake siiwezi, nikafunga turubai kwenye keria. Mvua ya kwanza ilijaza maji katikati, pete mbili zikachomoka. Nifanyeje?*
*Msomaji, Nakuru*

Turubai lako halina kosa, ndugu msomaji, lilikosa mteremko. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na turubai lililobonyea kidogo huweza kukusanya ndoo nzima hujageuka. Pete ndizo huachia kwanza.

Turubai la mita 3 kwa 2 latosha. Upande wa gari usitegemee pete hata kidogo. Mpe fundi cherehani akunje ukingo mrefu na kuushona uwe mfuko, upitishe humo bomba jembamba la chuma, kisha ulifunge bomba kwenye keria. Hapo uzito unagawanyika ukingo mzima. Upande wa nje simamisha nguzo mbili zilizo chini ya keria kwa sentimita 40 hivi, moja fupi kuliko mwenzake, maji yapate kona ya kutokea. Kila nguzo ivutwe na kamba mbili za pande tofauti, vichwa vya vigingi viinamie nje. Kwenye mchanga vigingi havishiki. Zika mifuko iliyojazwa mchanga.

Upepo ukianza kulipigapiga turubai, lishushe. Jiko la mkaa lisikae karibu na mlango: hewa yake ya sumu haionekani, na ikiingia mnamolala huua.

Keria ikicheza, au ukitaka kutoboa paa, muone fundi bodi kwanza. Tundu lisilozibwa vizuri huleta kutu.