Amazing Stories sebuleni: vidokezo 6 kabla hujawaita watoto

Nianze na jibu: ndiyo, itazameni pamoja, ila msianze na sehemu ya kwanza. Amazing Stories, tamthilia ya Steven Spielberg ya miaka ya 1980 iliyofufuliwa na Apple TV+ mwaka 2020, ina sehemu 5 tu. Kila sehemu ni hadithi inayojitegemea, ina watu wake na mwisho wake. Hakuna atakayelala akiuliza itakuwaje kesho, na mzazi una nafasi ya kuchagua. Itumie.

1. Anzeni na babu

"Dynoman and the Volt" ni ya 3 kwenye orodha, lakini kwa familia ndiyo ya kwanza. Babu amefanyiwa upasuaji wa nyonga, amehamia kwa mwanawe, na mwili umegoma kumtii. Siku moja inamfikia pete aliyoiagiza utotoni kupitia tangazo la kitabu cha katuni. Imechelewa miaka na miaka, na kumbe ina nguvu kweli. Mwenzake katika siri hiyo ni mjukuu.

Tuliitazama na binti yangu wa miaka 9, babu yake akiwa kwenye kiti chake, mkongojo umeegemea ukuta. Pete ilipotokea, binti aliacha runinga akamgeukia mzee. "Babu, wewe ulikuwa unasubiri nini?" Mzee alinyamaza kidogo. "Baiskeli," akasema. Tulisimamisha picha robo saa nzima, akatusimulia.

Aliyeigiza babu huyo ni Robert Forster, aliyefariki Oktoba 2019, miezi michache kabla sehemu hii haijaonyeshwa. Mtazameni macho yake anapotaka kuaminiwa na mwanawe.

2. "The Heat" iwasubiri wakubwa kidogo

Wasichana wawili, marafiki kama chanda na pete, wanakimbia mbio na wana ndoto zao. Mmoja anagongwa na gari, dereva anatokomea. Aliyekufa anabaki akizunguka kama mzuka. Wazazi wengi watauhofia mzuka. Mimi nilimhofia zaidi yule aliyebaki hai, anayefunga viatu vya mbio peke yake na kuendelea kuishi. Kwa kijana wa miaka 13 ni hadithi nzuri sana ya urafiki. Lakini kama nyumbani mna msiba ambao haujapoa, iwekeni kando kwanza.

3. "Signs of Life" isitazamwe usiku

Mama anazinduka baada ya kupoteza fahamu kwa miaka 6, na binti yake anaanza kuhisi kwamba huyu si yule aliyemjua. Hofu hii tunaijua: tumelelewa na ngano za zimwi linaloigiza sauti ya mama mlangoni. Katika ngano, sauti nzito humuumbua zimwi na watoto wakajua wasifungue. Hapa mama ana sura ileile, sauti ileile, na yuko ndani tayari. Mtoto wa chini ya miaka 12 anaweza kukukodolea macho asubuhi wakati unammiminia chai. Itazameni mchana, na mama awepo.

4. Mapenzi yapo, ya heshima kiasi

"The Cellar" ndiyo inayofungua orodha: kijana anayekarabati nyumba ya kale huko Iowa anajikuta mwaka 1919, na huko anampenda Evelyn, binti anayesukumwa kuolewa na mtu asiyemtaka. Wadogo watachoka mapema. Vijana, hasa wa kike, watakuwa na la kusema kuhusu ndoa hiyo. Waacheni waseme.

5. Mpenda ndege mpeni "The Rift"

Rubani wa Vita Kuu ya Pili anaangukia Ohio ya leo, na anakutana na mvulana aliyefiwa na baba. Ina mbio na hekaheka, na majonzi yake hayamwelemei mtoto.

6. Ya zamani si lazima iwe laini

Kuna wazazi watakaosema, basi tutafute ile ya NBC ya 1985 hadi 1987. Ina faida moja: sehemu zake nyingi ni za nusu saa hivi, wakati hizi mpya zinakaribia dakika 50, kwa hiyo anzeni mapema, mara tu vyombo vikishatolewa mezani. Lakini ile ya zamani ina mambo yake. Katika "Go to the Head of the Class" ya 1986, Christopher Lloyd ni mwalimu mkali anayewaandama wanafunzi wake huku kichwa chake kikiwa kimetengana na mwili. Binti yangu hajaiona, na hataiona hivi karibuni. Badala yake tuliweka "The Mission", aliyoiongoza Spielberg mwenyewe, kuhusu askari kijana aliyenaswa kwenye tumbo la ndege ya kivita, akiwa na kipaji cha kuchora katuni. Babu aliomba irudiwe.