Somo kwa wenye studio: Namna ya kuipa prosesa nguvu wakati wa kuhariri picha na video

Kata ya Shelui ipo kwenye barabara kuu ya Singida kwenda Nzega, chini ya mlima Sekenke. Katika mji mdogo wa barabarani kama huu, kijana mwenye kamera na kompyuta moja anaweza kuendesha maisha kwa picha za paspoti, kadi za mialiko na video za harusi na sendofu. Kinachomwangusha mara nyingi ni muda. Video iliyoahidiwa kwa wiki moja inapotoka baada ya wiki tatu, mteja hulipa salio kwa shingo upande na shangazi zake huenda kwingine. Mwenye studio hulaumu uzee wa mashine, akaanza kufikiria mkopo wa kununua nyingine. Kabla ya kufika huko, ipo mipangilio ya prosesa inayofaa kukaguliwa, nayo haigharimu hata shilingi.

Prosesa, au kichakataji, ndiyo sehemu ya kompyuta inayopiga mahesabu yote. Video ya saa 3 iliyorekodiwa kwa picha 25 kila sekunde ina picha 270,000, na kila picha ya kipimo cha 1920 kwa 1080 ina nukta zaidi ya milioni 2. Faili la mwisho linapotolewa, picha zote hizo hupitiwa moja baada ya nyingine. Prosesa inayomudu picha 25 kwa sekunde itamaliza kwa saa 3. Ikifanya kazi kwa nusu ya uwezo wake, itachukua saa 6, na umeme ukikatika katikati, kazi ya kutoa faili huanza upya.

Sababu ya kwanza ya prosesa kuzembea ni mipangilio ya kubana umeme. Katika Windows, mtumiaji afungue "Control Panel", kisha "Power Options", achague "High performance". Zipo kompyuta mpakato zinazoonyesha "Balanced" peke yake. Hizo zifunguliwe "Change plan settings" na baadaye "Change advanced power settings". Ndani yake kuna kipengele cha "Processor power management". "Maximum processor state" isomeke asilimia 100 kwa upande wa chaja, kwa kuwa mashine iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine yaweza kuwa ilipunguzwa na mmiliki wa awali. "Minimum processor state" haina haja ya kupandishwa. Ikiachwa asilimia 5, prosesa hupanda yenyewe kazi inapoingia. "System cooling policy" iwe "Active", ili feni iongeze kasi kabla prosesa haijapunguza mwendo. Chaja nayo iwe ya nguvu inayotakiwa, kwa sababu baadhi ya kompyuta mpakato hujipunguzia kasi zikichomekwa chaja dhaifu.

Sababu ya pili ni joto, na katika nchi kavu yenye vumbi kama Iramba huenda hii ndiyo kubwa zaidi. Prosesa nyingi hujipunguzia mwendo zinapokaribia nyuzi joto 100 ili zisiungue. Ukaguzi wake ni rahisi. Wakati video inatolewa, zibonyezwe Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ifunguliwe sehemu ya "Performance", kisha "CPU", na itazamwe namba ya "Speed". Ikiwa inaanza juu na baada ya dakika kumi inashuka chini ya "Base speed", mashine inachemka. Dawa yake ni kuizima, kupuliza vumbi huku feni imeshikiliwa isizunguke, na kumwomba fundi abadilishe dawa ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa. Kompyuta mpakato iliyowekwa juu ya kitambaa au godoro haiwezi kupumua, hata ingekuwa mpya.

Ikiwa joto halishuki, "Maximum processor state" inaweza kuwekwa asilimia 99. Kwa mashine nyingi hatua hiyo huzima mwendo wa ziada ambao prosesa hujiongezea, na joto hupungua sana. Kwa kutoa video ndefu, mwendo wa wastani usioyumba unaweza kumaliza kazi mapema kuliko mwendo mkali unaokatika katika. Kwa picha mambo ni tofauti. Kusafisha picha moja ya paspoti hutegemea zaidi kasi ya kiini kimoja cha prosesa kwa muda mfupi, kwa hiyo hapo asilimia 100 ndiyo inayofaa.

Uko pia ushauri wa mitaani usiosaidia. Wapo wanaofungua "msconfig" na kuweka alama kwenye idadi ya viini wakidhani wanaviamsha; Windows hutumia viini vyote bila kuambiwa, na kisanduku hicho huweza tu kuvipunguza. Kuipa programu kipaumbele cha "Realtime" huweza kugandisha hata kipanya. Kulazimisha prosesa ipite kasi ya kiwandani huongeza joto lile lile linaloisumbua.

Msaada ulio wa kweli upo ndani ya programu ya kuhariri. Video itengenezewe nakala ndogo za kufanyia kazi, mathalani za 960 kwa 540, ambazo zina robo tu ya nukta. Faili la mwisho hutolewa kutoka kwenye video halisi.

Mashine ikibaki nzito baada ya haya yote, ndipo ununuzi uzungumzwe. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri hutengwa kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu. Kikundi kimwone Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata. Katika andiko la mradi, badala ya kuandika "kompyuta moja" tu, kitaje aina ya prosesa, kumbukumbu ya kuanzia gigabaiti 16, diski ya SSD, na kifaa cha kuhifadhi umeme kitakachoipa kompyuta muda wa kuzimwa salama.