Pedali ya Breki Ikizama

Pikapu ya kikundi hubeba maziwa na watu pia. Dereva akituambia pedali ya breki imekuwa laini kama sponji, tusimjibu, "Enda tu, itafika." Gari lisitoke. Tuchunguze hivi:

1. Tutazame mafuta ya breki. Yakiwa yamepungua sana, tukague paipu na upande wa ndani wa kila gurudumu kama kunavuja. Kuongeza mafuta peke yake si kutengeneza.

2. Tukanyage mara kadhaa. Pedali ikipanda na kuwa ngumu, huenda kuna hewa ndani. Hewa hubonyea, mafuta hayabonyei.

3. Tukanyage na kushikilia. Ikizama polepole na hakuna panapovuja, huenda mipira ya masta silinda imeisha. Hiyo ni kazi ya fundi.

Kutoa hewa kunataka watu wawili: mmoja akanyage, mwingine afungue nati ya kutolea hewa, kisha aifunge kabla mguu haujaachilia. Tusitie oili ya injini kamwe, huharibu mipira.

Swali la kujadiliana: Maziwa yakiharibika tutakama mengine. Je, katika kikundi chetu ni nani anayeweza kusema, "Leo gari halitoki," na asikilizwe?