Somo la 14: Mtoto Asiyeitika



Mtoto akizaliwa, tunampeleka kliniki. Anapimwa uzito. Anachanjwa. Kadi yake inaandikwa. Lakini mizani haipimi kila kitu. Mizani haisemi kama mtoto anaitika akiitwa.

Tuchukue mfano. Mtoto wetu tumwite Musa. Musa alizaliwa salama. Alitembea kwa wakati wake. Alipofika mwaka mmoja na nusu, mama yake aliona jambo. Akimwita, Musa hageuki. Lakini ngoma ikilia mbali, anakimbilia mlangoni. Hakuonyesha kitu kwa kidole. Kutwa alipanga vifuniko vya chupa kwa mstari. Ukiviondoa, alilia sana.

Mama alimweleza mama mkwe wake. Mama mkwe akasema, "Mwache, mwanangu. Hata baba yake alichelewa kusema." Mwaka ukapita. Majirani wakasema amerogwa. Baba akauza mbuzi wawili, akampeleka kwa mganga wa jadi. Miaka mingine ikapita.

Musa alikuwa na miaka saba alipofikishwa kwa daktari wa hospitali kubwa. Daktari akasema, "Mtoto huyu ana usonji."

Mama akauliza, "Je, ningemleta mapema?"

Daktari hakumlaumu. Alisema, "Hata leo tutamsaidia. Lakini mtoto mdogo hujifunza upesi zaidi. Ile miaka ingetufaa."

Usonji ni nini?

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo. Mtoto mwenye usonji hupata shida kuzungumza na kuchangamana na wenzake. Usonji hauambukizi. Si uchawi wala laana. Hauletwi na chanjo, wala si kosa la mama.

Wengine husema ni ugonjwa wa Wazungu. Ni kweli kwamba mwaka 1943 daktari Leo Kanner aliandika habari za watoto 11 wa Marekani wenye hali hiyo. Lakini usonji upo duniani kote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa nao.

Kwa nini tunachelewa?

Usonji hauonekani kwa kupima damu. Daktari humtazama mtoto na kuwauliza wazazi. Mtaalamu anaweza kuutambua mtoto akiwa na miaka miwili. Lakini wataalamu ni wachache, nao wako mijini. Kwa hiyo jicho la kwanza ni lako, mzazi.

Dalili za kuangalia

- Ana mwaka mmoja, naye haitiki jina lake.
- Ana mwaka mmoja na nusu, naye haonyeshi kitu kwa kidole.
- Ana miaka miwili, naye haunganishi maneno mawili.
- Hapendi kutazama watu usoni.
- Hurudia jambo moja tu, kama kuzungusha vitu au kupunga mikono.
- Alikuwa anasema, kisha akaacha.

Dalili moja peke yake si lazima iwe usonji. Lakini usikae nayo kimya.

Ufanye nini?

1. Mwambie muuguzi siku ya kliniki. Usingoje akuulize.
2. Omba mtoto apimwe masikio. Asiyesikia naye haitiki.
3. Sasa unajua kuandika. Andika katika daftari ulichoona, na tarehe. Andika alipoanza kutembea na kusema. Daktari atayauliza hayo. Daftari halisahau.
4. Ukipewa barua ya kwenda hospitali ya wilaya au ya mkoa, nenda.
5. Nyumbani, sema naye kwa maneno machache. Taja kitu anachokishika: "Kikombe." Cheza naye.
6. Usimfiche ndani, wala usimfunge kamba. Akifikia umri wa shule, uliza shule yenye kitengo cha elimu maalumu.

Usonji hauna dawa ya kuuponya. Anayekuuzia dawa hiyo anakula mbuzi wako bure. Lakini mtoto anaweza kujifunza kuvaa, kula, kuomba kitu, na wengine kusoma na kufanya kazi.

Samaki mkunje angali mbichi.

Maswali

1. Mama yake Musa aliona nini kwanza?
2. Kwa nini familia ilichelewa kwenda hospitali?
3. Kwa nini mtoto apimwe masikio?
4. Ungekuwa jirani wa Musa, ungemshauri nini mama yake?

Zoezi: Andika katika daftari mambo matatu ambayo mtoto wako, au wa jirani, anayafanya sasa. Andika na umri wake.