Dondoo muhimu: Gitaa la kwanza pwani ya Msimbati

Anayejifunza gitaa Msimbati anapambana na mawili: vidole vigeni na hewa ya chumvi.

• Anza na gitaa kavu. Halihitaji umeme wala spika.

• Kabla ya kulipa, chungulia shingo kwa jicho moja toka kichwani; ikiwa imepinda, liache hata likiwa la bei ya kutupa.

• Tyuni kila unapolishika, kuanzia uzi mnene: E, A, D, G, B, E. Programu ya bure ya simu inatosha.

• Bonyeza uzi nyuma kidogo ya freti (kipande cha chuma shingoni), si juu yake. Sauti ikikwaruza, sogeza kidole.

• Dakika 15 kila siku. Vidole vitauma wiki za mwanzo, kisha ngozi hukomaa.

• Usikimbilie solo. Kosa hili huwakatisha wengi tamaa. Zoea kodi (nyuzi kadhaa kwa pamoja) za G, C na D. Msikilize mpiga solo Mbaraka Mwinshehe (1944–1979) wa bendi ya Morogoro Jazz, ila fuatisha kwanza gitaa linalomsindikiza.

• Ukimaliza, futa kila uzi, juu na chini, kwa kitambaa kikavu cha pamba. Jasho na chumvi huleta kutu upesi.

• Usiliache juani ufukweni: joto huachanisha gundi ya daraja.