Siku Moja Kwenye Mikoko ya Rufiji: Maswali na Majibu

Bustani za mimea za Afrika Mashariki zina umri mkubwa. Ya Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 1893, ya Entebbe mwaka 1898, na ya Amani, milimani Usambara, mwaka 1902. Watawala wa kikoloni walizitumia kujaribia mimea ya biashara kutoka nchi za mbali. Mwaka ule wa 1898 Wajerumani waliweka chini ya hifadhi msitu ambao haukupandwa na bustani yoyote: mikoko ya delta ya Rufiji. Leo sehemu kubwa ya msitu huo iko wilayani Kibiti, Mkoa wa Pwani. Hauna geti wala vibao vya majina ya miti, lakini kwa anayependa mimea ni matembezi ya siku nzima yasiyo na mfano katika pwani hii. Haya ni maswali ambayo mgeni hujiuliza kabla ya kufunga safari.

Kuna nini cha kuona hata mtu atoke Dar es Salaam?

Kuna msitu wa mikoko mkubwa kuliko wote wa pwani ya Afrika Mashariki, wenye kama hekta 53,000. Mto Rufiji, unaokusanya maji ya karibu asilimia 20 ya Tanzania Bara, hugawanyika hapa kuwa mikono mingi kabla ya kuingia baharini mkabala na kisiwa cha Mafia. Maji baridi yanashuka, maji ya chumvi yanapanda, na kila mti umechagua mahali pake kulingana na chumvi unayoweza kuistahimili. Tangu mwaka 2004 eneo hili, pamoja na bahari ya Mafia na Kilwa, limo katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Aina zinazojulikana zaidi ni 8: mkoko wenyewe, mchu, mlilana, msinzi, mkandaa, kikandaa, mkomafi na msikundazi. Mlilana husimama mbele kabisa, mdomoni mwa bahari. Nyuma yake hufuata mkoko, kisha msinzi na mkandaa. Mchu hauna makuu. Unaweza kuonekana ufukweni na tena kule nyuma penye chumvi kali. Mkomafi na msikundazi hupenda sehemu za juu, ambako maji ya mto yana nguvu. Boti ikipanda kutoka mlangoni mwa bahari kwenda bara, mpangilio huo hupita mbele ya macho ya abiria kwa saa chache tu.

Asiyeijua miti hii ataitofautishaje?

Aanze na mizizi. Mkoko husimama juu ya mizizi iliyopinda kutoka shinani na kuzama matopeni pande zote. Mchu huchomoza vijiti vyembamba vilivyonyooka, mamia kwa mamia, kuuzunguka mti. Ya mlilana ni minene zaidi na imechongoka juu. Msinzi hukunja magoti: mzizi unapanda, unapinda, unarudi chini. Wa mkomafi hutambaa juu ya tope kama utepe uliosimama kwa ubavu wake. Sababu ni moja kwa yote: tope la delta halina hewa, kwa hiyo mti hupumua kwa mizizi iliyo juu.

Kisha aangalie matunda, maana hapo ndipo pa kukaa muda mrefu. Mbegu ya mkoko huota ikiwa bado juu ya mti. Huning'inia ikiwa mche mrefu wa kijani, na ikianguka iko tayari kushika tope au kuelea hadi ifike penye tope. Mkomafi hutoa tunda la mviringo linalokaribia ukubwa wa balungi. Likipasuka, mbegu zake zenye pembe hutawanyika, na kuzirudisha zikae kama zilivyokuwa ni kazi ya kuwashughulisha watoto nusu saa. Tunda la msikundazi lina ukingo mgumu mithili ya mkuku wa jahazi, na huelea mbali. Jani lake nalo ligeuzwe: chini lina rangi ya fedha. Jani la mchu ukiligusa kwa ulimi lina chumvi, kwa sababu mti huo huitoa chumvi kupitia majani.

Maua ya mlilana hufunguka usiku, popo na nondo wakayatembelea. Mgeni wa mchana atakuta nyuzi zake nyeupe zimedondoka majini.

Siku gani na saa ngapi ni bora?

Hili ndilo swali linaloamua kama safari itafana. Maji hujaa na kupwa mara 2 kwa siku, na kila siku huchelewa kwa kama dakika 50. Wakati wa bamvua, yaani mwezi mpevu au mwezi mwandamo, pwani hii hupwa sana katikati ya asubuhi, na boti inaweza kukwama kwenye tope kwa saa kadhaa. Siku 3 au 4 baadaye ndizo nzuri zaidi: asubuhi na mapema maji yamejaa na vijito vyembamba vinapitika, kufikia mchana yamepwa na mizizi yote iko wazi, na alasiri yanapanda tena kwa safari ya kurudi. Ndani ya delta mabadiliko hayo huchelewa kuliko ufukweni, kwa hiyo neno la mwisho ni la nahodha.

Kwa mwaka, miezi ya Juni hadi Oktoba ni mikavu na barabara zinapitika. Wapenda ndege wachague Oktoba au Novemba, wakati ndege wahamiaji wa ufukweni wameshafika kutoka kaskazini. Masika iepukwe, mafuriko ya Aprili 2024 yaliziathiri vibaya Rufiji na Kibiti.

Anafikaje?

Mji wa Kibiti uko kama kilomita 140 kusini mwa Dar es Salaam, kwenye barabara ya Lindi na Mtwara. Kabla ya kuufikia kuna Bungu, ambako barabara ya Nyamisati huchepuka kuelekea baharini. Nyamisati ndiko boti za Mafia zinakoondokea, na ndiko mgeni anakoweza kutafuta boti ya kukodi. Afadhali alale Kibiti au Bungu usiku wa kuamkia safari. Msitu ni hifadhi ya serikali inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, kwa hiyo apite kwanza ofisi ya wakala huo na ya serikali ya kijiji. Jaketi okozi kwa kila abiria, maji ya kunywa, kofia na dawa ya mbu si vya kujadiliwa. Humu wamo viboko na mamba. Hakuna kuogelea wala kuchovya miguu.

Miti hii iliwafaa nini watu wa kale?

Ilijenga miji. Boriti za mkoko na msinzi kutoka Rufiji zilisafirishwa kwa majahazi hadi Uarabuni na Ghuba, ambako miti mirefu ilikuwa adimu. Vyumba vyembamba vya nyumba kongwe za Unguja na Lamu vilipimwa kwa urefu wa boriti inayoweza kubeba dari. Magome ya mkandaa yalitoa rangi nyekundu na dawa ya kutengenezea ngozi; mlilana ulichongwa mataruma ya vyombo. Mwaka 1987 serikali ilipiga marufuku ukataji, na mpango wa taifa wa kusimamia mikoko ukafuata mwaka 1991.

Msitu uliwahi hata kuficha manowari. Königsberg ya Wajerumani, iliyozamisha meli ya Waingereza Pegasus bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, ilijificha ndani ya delta huku milingoti yake ikifunikwa matawi. Ilizamishwa na mabaharia wake wenyewe tarehe 11 Julai 1915, baada ya kupigwa na meli za Severn na Mersey. Mmoja wa mizinga yake uko Fort Jesus, Mombasa.

Mbona kuna mashamba ya mpunga ndani ya hifadhi?

Kwa sababu watu wanaishi humu, tangu kabla ya amri ya 1898. Katika miaka ya 1970 maji mengi ya mto yalihamia upande wa kaskazini wa delta, chumvi ikapungua, na ardhi ikakubali mpunga. Mkulima akikata mikoko huvuna kwa miaka michache, kisha magugu na kaa humshinda, naye husogea mbele. Hasara ni ya kweli, kwani kamba na kaa wanaowalisha wavuvi hukulia kwenye mizizi hiyo. Hata hivyo, kumwona mkulima wa delta kuwa adui wa msitu ni kukosea: hana ardhi nyingine anayoijua, na hakuna ulinzi utakaodumu bila yeye. Jambo la kuangaliwa kwa makini zaidi liko juu mtoni, kwenye Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115, lililoanza kuzalisha umeme mwaka 2024. Bwawa hunasa tope, na tope ndilo linaloijenga delta.

Ziara za namna hii zinaweza kuwalipa wanakijiji?

Zinalipa kwingine. Jozani, Unguja, ina njia ya mbao inayompitisha mgeni katikati ya mikoko bila kukanyaga tope. Gazi, kusini mwa Mombasa, kina mama wanaendesha njia kama hiyo, na mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013, huuza hewa ya kaboni inayohifadhiwa na hekta 117 tu. Mapato yamekwenda kwenye maji na shule za kijiji. Mikoko ya Rufiji ni zaidi ya mara 400 ya hiyo. Njia ya mbao ya mita mia chache karibu na Nyamisati, ikiwa mikononi mwa wanakijiji, pamoja na vijana waliofunzwa kuwaongoza wageni, ni gharama ambayo halmashauri inaweza kuipangia bajeti. Kwa sasa mgeni akodi boti ya kijijini, ale wali na kaa wa kijijini, na amlipe anayemtajia majina ya miti.